Komeo Sikulifuta

Mkono wangu wa kushoto una kucha tatu tu, na ngozi yake kuanzia kiwikoni imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Aliyenifanyia hivyo ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Jina silitaji, lakini mtu namtaja: ni yule aliyekuwa anakaanga maandazi Temeke, nyumba ya tatu ukitoka msikitini, yenye ua wa mchanga na wapangaji wanne. Wanaomjua wanamjua. Alinichukua kwa mama yangu Singida nikiwa na miaka kumi, akamwambia ananipeleka mjini kusoma. Shule nilikwenda muhula mmoja. Kisha nikawa mtu wa kukanda unga. Asubuhi moja nilisinzia, karai zima la maandazi likaungua, naye akaushika mkono wangu akautia kwenye mafuta. Ndivyo ilivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi.

Miaka mingi baadaye niliyaandika hayo kwenye daftari, na madaftari yakaja kuwa kitabu. Mie nauza supu Vingunguti, karibu na machinjio. Saa nne asubuhi sufuria inakuwa tupu, na kuanzia hapo mpaka adhuhuri nilikuwaga nakaa kwenye benchi langu naandika, nzi wananiandama. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa supu ya kongoro, ndiye aliyeyasoma madaftari, akayanyoosha, akanipeleka kwa mchapaji Kariakoo. Yeye ndiye aliyesema tukiite riwaya. "Ukisema ni kweli tupu, watu watakuja juu," aliniambia. "Ukisema riwaya, atakayelalamika atakuwa amejitaja mwenyewe."

Basi ikawa riwaya. Watu wakainunua kuliko tulivyodhani, hasa kina mama wa saluni na vijana wa machinjioni, na nikagundua kwamba wote wanapenda sehemu mbili zilezile.

Sehemu ya kwanza ni ya komeo. Nilipochomwa nilikimbia uani nikipiga kelele, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jirani, mke kijana aliyeolewa mwaka uleule. Alikuwa mlangoni. Akaniangalia usoni, akauangalia mkono, akarudi ndani akafunga mlango. Nikasikia komeo likisukumwa. Hiyo sauti niliiandika ukurasa mzima. Shangazi alinichoma mkono, nikaandika, lakini aliyeniua ni yule wa komeo.

Sehemu ya pili ni ya ndoto. Wiki mbili baada ya kuchomwa, mama yangu alitokea Temeke bila kuitwa na mtu, akanifunga mkono kwa kanga mpya, akanirudisha kwetu. Nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Nilikuota unalia." Mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Dodoma, alipanda gari kwa sababu ya ndoto. Alirudia maneno hayohayo mpaka alipofariki. Kwenye kitabu ndiyo sura niliyoiandika vizuri kuliko zote, na kuna mchinjaji mmoja, pande la mtu, alinionesha ile sura ikiwa imelowa, akasema ni jasho.

Mwaka huu mchapaji akanipigia simu, nakala zimekwisha, anataka kuchapa tena. "Mama, kama kuna kitu unataka kubadilisha, niletee kabla sijaanza. Nikishaanza nimeanza."

Nikamwambia hakuna. Nibadilishe nini? Niliyechomwa ni mie mwenyewe.

Lakini habari ilitembea, na wa kwanza kunitafuta alikuwa mtoto wa shangazi. Alipiga simu kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwao.

"Dada, nasikia kinachapwa tena. Bi mkubwa anaumwa miguu, anakaa kwangu Mbagala. Ile sura ya karai, si uitoe tu? Au useme mafuta yalimwagika."

"Yeye ndiye kakutuma?"

"Hapana. Yeye hasemi chochote. Ni sisi tu, watoto wake, tunaona aibu."

"Basi oneni," nikamwambia, nikakata.

Nilipowasimulia wateja, benchi zima likageuka baraza.

"Supu ukishaimimina kwenye bakuli, unairudisha kwenye sufuria?" akauliza yule mchinjaji pande la mtu. "Kitabu kimeshanywewa hicho, mama."

"Lakini si anakuongezea ndimu ukiomba?" akajibu mwenzake. "Acha umbea wako, mama arekebishe anachotaka, kitabu chake."

"Chake kivipi na mie nimekinunua?" akasema wa kwanza.

Mwalimu alikuwa anafyonza mfupa. Akauweka chini taratibu, akapangusa vidole. "Kijana kasema kweli. Mwandishi akishatoa kitabu, kazi yake imekwisha. Msomaji alilia kwa sentensi fulani. Ukija kuibadilisha, unamwambia alilia bure."

Nilikubaliana naye. Nilikubaliana naye kwa siku mbili.

Siku ya tatu, supu ikiwa inakaribia kwisha, wachinjaji na mwalimu bado wako benchini, walikuja wanawake wawili kwa bajaji. Mmoja mtu mzima, amevaa baibui, anatembea kwa kuegemea bega la mwenziwe. Yule mwenziwe alikuwa mwanawe, wa miaka thelathini na kitu, ana mkoba begani na sura ya mtu aliyekuja kugomba. Yule mama sikumtambua mpaka alipokaa. Mtu akikaa ndiyo unamjua, namna anavyokusanya nguo zake. Alikuwa yule wa komeo.

Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekukuta na kazi."

"Kazi ndiyo hizi. Karibuni supu."

"Tumeshakunywa chai," akadakia binti.

"Mie nipe kidogo," akasema mama yake, "nisikatae riziki."

Nikampa. Akanywa vijiko viwili vitatu, akaweka bakuli. Kisha akasema anakwenda Hija mwaka huu, watoto wake wamemchangia. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mie Mkristo, lakini nimekaa uswahilini vya kutosha kujua kwamba mtu anayekwenda Makka huzunguka kwanza kwa ndugu na majirani kuomba radhi, mlango kwa mlango, kwa maana hapaendwi na kinyongo cha mtu mgongoni. Nimewahi kuombwa radhi na muuza mkaa aliyenipunja ndoo nusu. Huwa unasema nimekusamehe dunia na akhera, na mtu anakwenda zake mwepesi.

"Wote nimewamaliza," akasema. "Umebaki wewe. Wewe nilikuacha mwisho kwa sababu nilikuwa nakuogopa."

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mlango niliufunga," akasema. "Mwanangu, ule mlango niliufunga kweli. Naomba radhi yako."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilikaa miaka yote hiyo nikimngoja mtu mmoja, hata mmoja tu kati ya wale wa uani, aje aseme maneno hayo, na sasa yamesemwa mbele ya wachinjaji watatu na mwalimu. Nikataka ayarudie.

Binti yake akashindwa kuvumilia. "Mama, mwambie na lingine."

"Hilo halihusu."

"Linahusu! Dada, unajua wanamwitaje mtaani kwetu? Mama Komeo. Tangu kitabu chako kitoke. Mwanangu wa darasa la sita anaitwa mjukuu wa Komeo, karudi analia, hataki tena kwenda dukani. Mama anasema waache, wanasema kweli. Sasa mie nasema kweli yote isemwe."

"Mimi jina sikuandika," nikamjibu.

"Uliandika nyumba ya tatu kutoka msikitini, mlango wa kijani! Ulitaka tukapake rangi nyingine?"

Wachinjaji wakacheka, kisha wakaona haya wakanyamaza.

Basi binti akasema. Kwamba siku ile mume wa mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa ndani. Shangazi yangu ndiye aliyewafanyia wepesi wa kupata chumba, na mume alishamwapia mkewe: ukiingilia mambo ya nyumba ya yule mama, talaka yako iko mezani. Kwa hiyo aliposikia kelele mume alisimama nyuma ya mkewe, na mlango ukafungwa. Ila alasiri yake mke alikwenda kwa kaka yake aliyekuwa utingo kwenye malori ya ng'ombe, yale yanayoleta mifugo kutoka Singida. Mie nilikuwa nimewahi kumwambia bombani, tukichota maji, kwamba kijijini kwetu kuna mnada na lori hushusha watu kwenye mbuyu wa posta. Akamwambia kaka yake: ukifika huko muulize mama wa mtoto aliyepelekwa Temeke kwa shangazi yake, mwambie mwanao anakufa, njoo. Na umwombe kwa Mungu wake asimwambie mtu nani kampa habari, hata mtoto, maana mtoto atasema, na mimi nitaachika.

Nilicheka, cheko baya. "Hiyo nzuri," nikasema. "Miaka arobaini imekaa, inatoka leo mchapaji yuko mlangoni. Mbona nanyi mngeandika riwaya."

Yule mama akainamisha kichwa. "Nilimwambia binti yangu kwamba hutaamini. Nami sikuja kwa ajili hiyo."

Binti akafungua mkoba. Akatoa kanga moja, kuukuu, laini kama kitambaa cha kukamulia tui. Mapambo ya korosho, pindo jekundu, na pembeni imeungua kwa pasi. Akaikunjua juu ya meza yangu, kati ya ndimu na pilipili.

"Wenyeji wa huko wasingemwamini utingo," akasema. "Mama alimpa kipande kimoja cha doti yake ya harusi akaoneshe, kwamba aliyemtuma ni mwanamke mwenzake mama yako. Kipande cha pili ndicho hiki."

Niliinama nikaiangalia ile korosho. Kanga aliyonifunga mama mkononi siku ile alisema kainunua njiani, na mie sijawahi kujiuliza mwanamke aliyekopa nauli alinunuaje kanga, na kwa nini alinunua kipande kimoja, wakati dukani kanga huuzwa mbili. Kipande hicho ninacho. Kimo kwenye sanduku langu chini ya kitanda, pindo jekundu, korosho. Nimewahi kukilalia nikiwa na homa.

Nikamwuliza yule mama, "Kwa hiyo hakuniota?"

"Kama alikuota sijui, mwanangu. Labda alikuota pia."

Watu wanadhani mtu akiletewa ukweli anashukuru. Mie nilimchukia pale pale. Alikuja kuomba radhi ya mlango, akaondoka na ndoto ya mama yangu. Nikamwambia nina kazi, nitampa jibu. Hakulalamika. Alimaliza supu yake yote, akasema ni tamu, wakapanda bajaji yao wakaenda.

Siku zilizofuata nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mchapaji akapiga simu, nikamwambia angoje. Mwalimu alikuja, akaona madaftari yako mezani.

"Usiguse," akasema. "Kama riwaya, ile ndoto ni kweli. Kila msomaji anaijua. Ukiweka utingo na lori la ng'ombe mahali pa ndoto, umeua sura."

"Mwalimu, ulisema nikibadilisha, aliyelia atakuwa amelia bure."

"Ndiyo."

"Na aliyetukanwa kwa kitabu changu, yeye katukanwa bure au katukanwa vipi?"

Akakuna kichwa. Ni mtu mzuri, hapendi kushindwa lakini akishindwa hujua. "Hilo sikulifikiria," akasema. "Ila bado naisikitikia ile sura."

"Mie je?"

Nilikuwa naisikitikia kuliko yeye. Lakini kila nilipoifikiria nilikuwa naona jambo ambalo nilikuwa sijaliona. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, siri hazikuwahi kukaa kwake hata wiki. Kijiji kizima kilijua nani ana mimba kabla mwenyewe hajajua. Hii moja ilikaa. Alimwahidi mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, kupitia kwa utingo, na akaenda nayo kaburini, hata mie mwanawe nilipomuuliza kitandani kwake alishika palepale, nilikuota. Nikawaza, ndoto humjia mtu yeyote, hata mwizi. Siri kama hii ilitaka mtu wa kuitunza.

Nikakaa nikaandika. Iliniuma kama kung'oa jino, maana sura mpya haikutaka kuwa nzuri. Utingo alikuwa mtu wa kawaida, lori lilinuka mavi ya ng'ombe, na mama yangu alipooneshwa kanga aliuliza kwanza kama mtoto bado anakula. Hilo nililibuni, lakini ndivyo angeuliza. Ukurasa wa komeo sikuugusa. Sentensi moja tu niliifuta, ile ya aliyeniua ni yule wa komeo, kwa sababu hakuniua. Niko hai nauza supu. Na sura ya karai sijagusa hata nukta. Watoto wa shangazi waone aibu kwa niaba yake, yeye mwenyewe hajaniletea neno, na hata angeleta, mafuta hayakumwagika.

Mchapaji alizisoma kurasa nne mpya akakubali. Kisha nikamwomba anichapie zile kurasa nne peke yake, rundo la karatasi. "Za nini?" akauliza. Nikamwambia ataona.

Kumuaga hujaji walifanya Jumamosi baada ya adhuhuri, palepale uani Temeke. Sikuwa nimekanyaga mchanga ule tangu nina miaka kumi. Mikeka ilitandikwa kutoka bombani mpaka chooni, kina mama wameshasoma dua, pilau inanukia. Upande aliokuwa anakaa shangazi sasa kuna fundi simu. Mlango wa jirani bado ni wa kijani. Nilijitanda mtandio, nikakaa mwisho, lakini binti aliniona akanivuta mpaka mbele.

Nikasema mie si mtu wa dini yenu, nimekuja kwa sababu mama alikuja kwangu. Nikasema ni mie niliyeandika kile kitabu. Minong'ono ikapita. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ehee, leo ndiyo leo." Nikatoa karatasi nikaanza kusoma.

Nilianza kabla kidogo, kwenye ule ukurasa wa zamani. Nilipokaribia sauti ya komeo, nikapunguza mwendo. Kumsomea mtu ubaya wake siku ya kuagwa kwake, mbele ya wakwe na wajukuu, si kitu kidogo. Nikataka kupitiliza.

"Soma," akasema yule mama. "Usiruke."

Nikasoma. Nikaingia kwenye utingo, lori, kanga. Nilipofika kwenye kanga nikaitoa ya kwangu kwenye mfuko, binti akaingia ndani mbio akatoka na ya kwao, tukaziweka pamoja mkekani, moja imechakaa kwa kuvaliwa, nyingine kwa kufichwa. Yule aliyesema leo ndiyo leo alikuwa analia kuliko wote, na yule mjukuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kijani, anaangalia watu wanavyomwangalia bibi yake.

"Nimekusamehe dunia na akhera," nikamwambia yule mama. "Na wewe nisamehe la Komeo."

"La Komeo lilikuwa haki yako."

"Nisamehe hivyohivyo, mama. Nami nataka kwenda mwepesi."

Akaushika mkono wangu wa kushoto. Watu huushika ule mkono kama wanashika kitu kitakachovunjika. Yeye aliushika sawasawa.

Alikwenda, amerudi salama. Siku hizi wengi wanamwita Hajjati. Wachache bado wanasema Komeo.

Zile karatasi nilizochapisha ziko kwenye kasha chini ya meza yangu ya supu, pamoja na gundi. Kitabu cha zamani siwezi kukirudisha, kiko majumbani mwa watu, lakini mwenye nacho akija nacho namwekea kurasa nne mwishoni, bure. Wamekuja wengi. Mwalimu aliniletea chake wa kwanza, akasimamia gundi isizidi.

Yule mchinjaji pande la mtu amekataa. Alikuja na kitabu chake kimejaa damu kavu kwenye jalada, akasoma karatasi akiwa amesimama, akairudisha mezani.

"Hii kweli nimeielewa," akasema. "Lakini usikiguse kitabu changu, mama. Mie ndoto yangu naitaka."

"Si kweli lakini."

"Najua. Si umeshaniambia? Nipe supu."

Nilimpa supu, nikamwongezea ndimu bila kuomba. Sikumlazimisha. Nyumbani, sandukuni, juu ya ile kanga, na mie ninayo nakala moja ya kile kitabu cha zamani ambayo sijaibandika zile kurasa.